Eda ya Bi Mwamini na Mfereji wa Suezi

Bismillahi. Amahoro kwenu nyote mliofika. Mimi ni Juma, mtoto wa dada yake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno mengi, nitajitahidi.

Marehemu Bi Mwamini binti Radjabu alizaliwa Kigwena tarehe 12 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mzee Radjabu, mkamuaji wa mawese, akasoma chuo cha Kurani Rumonge, kisha shule ya msingi hadi mwaka wa nne, akaiacha 1950 amsaidie mama yake kuuza mawese sokoni, kazi aliyoifanya mpaka mikono ilipomkatalia, na wateja wake mnajua kwamba bei yake ilikuwa moja, ukinung'unika anafunika ndoo.

Tarehe 7 Julai 1962, juma moja baada ya uhuru, bendera zingali milangoni, aliolewa na Asmani Mulamba, fundi mashine wa meli za hapa ziwani, wakajaliwa mabinti wawili, Kadidja, 1963, na Aziza, 1965. Mwaka 1966 mumewe alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi katika meli kubwa ya mizigo, na tarehe 5 Juni 1967 vita vikaikuta meli hiyo ndani ya Mfereji wa Suezi, ule unaounganisha Bahari ya Shamu na Mediterania, mfereji ukafungwa huku na huku, na habari zake zikakatika.

Baada ya mwaka wa kimya wazee walisema Asmani amekufa, wakachinja mbuzi, wakasoma hitima, wakamletea Bi Mwamini nguo nyeupe akae eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane, naye akaikunja, akaitia sandukuni, akawaambia, "Bwana yangu iko mu mfereji, haiko mu kaburi." Walimwita mkaidi, na kweli alikuwa mkaidi, lakini Novemba 1969 Asmani alishuka kwenye boti la Kigoma kwa miguu yake mwenyewe, akauliza kama mbuzi wake alinona, wazee wakakosa pa kutazama.

Ilipotufikia Ikiza ya 1972, yale mauaji yaliyotukimbiza makwetu, katikati ya Mei, Asmani aliwapandisha mkewe na watoto mtumbwini pale Kabonga, akarudi Rumonge kumchukua mama yake asiyeweza kutembea, akiahidi kuwafuata, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, wala yeye wala mama yake. Huko Ujiji, alikokimbilia, wazee walirudia habari ya eda, akawajibu kwamba walishamzika Asmani mara moja, naye akarudi hai. Nani angembishia? Juni 1975 redio ilipotangaza kwamba mfereji umefunguliwa, alivaa kitenge chake cha harusi, akakaa ufukweni kutwa nzima, ingawa alijua fika kuwa Asmani hayupo kule, jioni akarudi, akapika. Jambo hilo linatuuma hadi leo.

Alirudi Rumonge Septemba 2008, akauza tena mawese, mwaka 2010 akashikwa na ugonjwa wa sukari, ukaingia kwenye figo, akalazwa tarehe 3 Februari 2012. Siku chache baadaye aliomba lile sanduku lililovuka naye ziwa, akatoa ile nguo nyeupe, akaivaa, akawaambia mabinti zake, "Sasa acha nimukalie Asmani." Tulidhani ni homa, kumbe akili yake ilikuwa timamu. Alikaa eda yake kitandani, hofu yake ikiwa moja tu, kwamba ataondoka kabla hajaimaliza, na jana, tarehe 2 Mei, alifariki, siku zikiwa hazijatimia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wauza mawese wenzake, na jirani yetu Généreuse, Mkristo aliyelala naye hospitali na kuilinda eda ile kuliko sisi wenyewe, akiwazuia wanaume mlangoni. Murakoze cane.

Shehe ametuambia kwamba mjane akifa, hadaiwi siku zilizobaki. Basi, mama mdogo, eda yako imekwisha, pumzika kwa amani.