Viatu Mlangoni kwa Bi Kivuli

Leo ni tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa. Mimi niliondoka kwenye gereji yetu miaka mitatu na miezi miwili iliyopita, na sasa napasua mawe kwenye mradi wa barabara, mwendo wa siku mbili kutoka huko mliko. Tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Kivuli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Karani amenipigia simu niandike ukurasa mmoja wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe, kwa sababu nilifanya kazi naye ukuta kwa ukuta miaka tisa. Nikamwambia shule niliishia darasa la sita. Akasema, "Wewe andika, Msasa, koma tutaweka sisi." Basi koma ni zake, maneno ni yangu.

Kwa wageni wasiomjua, Bi Kivuli ndiye mwenye kile chumba kidogo kati ya ofisi na banda la rangi. Mteja akileta gari, yeye hulipiga picha, huiingiza picha kwenye kompyuta, kisha hulivika gari rangi mpya, ringi mpya, vioo vyeusi, chochote mwenyewe anachotamani, ili akione kabla hatujagusa bati. Sisi wa bandani tulikuwa tunasema kila gari hupakwa rangi mara mbili, kwanza kwake, halafu kwetu.

Nimesimuliwa kwamba alianza kabla ya kompyuta, akipaka picha za karatasi kwa brashi nyembamba na pamba, pumzi ameibana. Kompyuta ya kwanza ilipokuja ilikuwa na mgongo kama jokofu. Kipanya kilimshinda wiki nzima, kikawa kinamkimbia mezani, hadi akakifunga mkia kwenye mguu wa meza. Mwezi uliofuata alikuwa anazunguka ukingo wa gari nacho, kioo kwa kioo, tairi kwa tairi, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda.

Jina la Kivuli alijipa mwenyewe kwa kelele zake. Ukimwonyesha picha ya gari iliyobadilishwa na mtu mwingine, haangalii rangi. Anaangalia kivuli chini ya matairi. "Hili halijakanyaga ardhi," atasema, "hili puto." Alitufundisha kwamba gari jekundu huiazima sakafu wekundu kidogo, na kwamba boneti ni kioo, ukibadilisha rangi bila kulirudisha wingu juu yake umelipofusha gari. Tangu hapo siwezi kupita gari limeegeshwa bila kuchungulia kivuli chake. Hata huku kwenye mawe nachungulia makatapila.

Wateja wake walikuwa sinema. Dereva mmoja alitaka kuona basi lake dogo likiwa limeshuka chini kama gari la mashindano. Bi Kivuli akamtengenezea, uso mkavu, hata tabasamu hakuna. Mke wa dereva akaitazama picha, akamtazama mumewe, akauliza, "Mama, na huyu mwenye gari huwezi kumnyoosha kidogo?" Bi Kivuli akajibu, "Huyo, mwanangu, anahitaji mashine kubwa zaidi." Tulicheka hadi kompresa ikazimwa. Mwingine aliipenda picha kuliko gari. Aliitia fremu akaondoka nayo, gari likabaki na rangi ile ile ya zamani.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja asichokifanya. Wauzaji wa magari walikuja wakimbembeleza afute bonde la bati lililobonyezwa na ajali kwenye picha ya tangazo. Bi huyu, dada huyu, shangazi huyu, majina yote matamu. Aliwajibu kwa sentensi moja, "Nguo nambadilisha, kovu simfichi." Bosi alichukia, wateja wengine walihama, yeye hakusogea. Mtu akiiona picha ya Bi Kivuli, alijua anachokiona ndicho kilichopo.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Chumba chake kilikuwa na sheria moja. Viatu nje. Vumbi la msasa likiingia kwenye kompyuta ni kama mchanga kwenye jicho. Na karatasi iliyotoka kwenye printa ilikuwa ya mteja kujifurahisha tu. Sisi mafundi tulitakiwa kuingia, kuangalia skrini, na kuandika namba ya rangi.

Mkunga mmoja mstaafu alileta gari lake tulipake kijani cha jani la mgomba. Fundi Mkuu akanituma nikachukue namba ya rangi. Siku hiyo nilikuwa nimevaa buti zenye kamba ndefu, nimefunga mafundo mawili, na sikuwa na nguvu ya kuinama. Printa ilikuwa karibu na mlango. Nikanyoosha mkono, nikachukua karatasi, nikachanganya rangi kwa macho. Fundi Mkuu aliponiuliza, nikasema nimeiona skrini. Nilikuwa sijui kwamba wino wa njano ulikuwa unaisha, na kijani bila njano ni buluu.

Yule mkunga alikuja, akalizunguka gari mara mbili. "Hili la nani?" akauliza kwa upole, akiangalia huku na huku kulitafuta lake.

Bosi akapaza sauti, nani kaleta rangi hii. Wiki mbili kabla alikuwa ameniambia kosa moja tena nifunge virago, na mke wangu alikuwa na pacha wa mwezi mmoja. Nikainama nikijifanya nakaza kamba za buti. Hapo Bi Kivuli akatoka chumbani peku, akakanyaga kokoto za uwanjani bila viatu, akasema mbele ya wote, "Mimi. Nimekosea namba."

Mwanamke asiyedanganya kwa picha alidanganya kwa mdomo mara moja, kwa ajili yangu.

Gari lilipakwa upya. Ila tangu siku hiyo Bosi aliweka amri kwamba rangi yoyote ya Bi Kivuli isainiwe kwanza na Fundi Mkuu. Mtu wa miaka mingi kazini akawa anapeleka karatasi zake kusahihishwa kama mtoto wa shule. Karani ananiambia amri hiyo ipo mpaka leo. Kwangu hakuwahi kuitaja. Alinipitia tu jioni ile bandani, akasema, "Msasa baba, viatu huvuliwa."

Kwa hiyo namwomba Bosi, ukurasa huu usomwe kwa sauti siku ya sherehe, usifupishwe. Amri ile ifutwe kabla ya tarehe thelathini, hata ikiwa imebaki siku moja, ili picha yake ya mwisho itoke chumbani bila saini ya mtu. Kosa lilikuwa langu. Yeye katika miaka thelathini na mmoja hakukosea rangi hiyo wala nyingine ninayoijua.

Bi Kivuli, asante kwa macho uliyotupa. Asante kwa pacha wangu, ambao sasa wana miaka minne na hawajui kwa nini walikula mwaka ule. Upumzike vizuri, mama, ukae kwenye kivuli ambacho hukulazimika kukichora, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi.

Mimi narudi tarehe ishirini ya mwezi wa kumi na mbili, barabara ikishafika mtoni. Nitakuja kwako kabla sijafika kwangu. Ukisikia mtu anahangaika muda mrefu nje ya mlango, usiogope, ni mimi nafungua kamba.