Mabua ya Jirani Yangu

Wazee wangu, shikamooni, na ninyi wengine nawasalimu. Haya nitakayosema yananishtua mpaka leo.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu vijijini, niliuza vizuri, nikaenda mjini Mwanza, pale Mabatini, nikanunua plau mpya ya ng'ombe. Nikajiona mkulima kweli. Shamba la mahindi nililima mara mbili, na mabua yote ya msimu uliopita nikayachoma, mpaka pakawa peupe kama uwanja uliofagiwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana mmoja tu. Ilipokatika nikaona maji mekundu yanateremkia ziwani, na mbegu zangu zimo ndani. Nikapanda upya. Jua likawaka wiki tatu, udongo ukawa sakafu, mahindi yakafa hayajafika hata magotini.

Sasa ndugu zangu, ng'ambo ya njia palikuwa na shamba la mama mmoja mjane, mzee, anayetembea ameinama. Lake lilikuwa kijani. Mvua ileile, jua lilelile. Nilikosa maelezo, nikayatunga. Kilabuni nikasema yule mama ameniibia mvua kwa uchawi. Nikasema tena kesho yake.

Asubuhi moja nikakuta wanaume wawili mlangoni kwangu, na mapanga. Mmoja akaniambia kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Tunangoja neno lako tu."

Niliwaambia nimesema uongo, warudi kwao, na sikuondoka mlangoni mpaka walipopotea machoni. Kisha nikavuka njia mbio. Nilimkuta amepiga magoti, anapalilia. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza yote, bila kuficha. Akakaa chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi mgongo ulinikatalia. Sikuweza kulima wala kukusanya mabua. Nikayaacha palepale, nikatoboa mashimo katikati yake, nikapanda."

Nikafunua mabua. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, una unyevu, na kidole changu kikazama chote. Wiki tatu bila mvua! Nilibaki nimeinama pale, nashindwa kunyanyuka. Mtu alikuwa auawe kwa sababu ya mabua.

Siku hiyohiyo nilimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, nikakiri mbele ya watu. Msimu uliofuata sikuchoma kitu. Nilichana mistari ya kupandia tu, nikawasihi wafugaji wasiingize ng'ombe humo wakala mabua. Wengine walikubali, wengine tuligombana. Mwaka ule hatukuuza mahindi, lakini tulikula mpaka mavuno mengine.

Namshukuru mke wangu, aliyesimama nami mkutanoni akiwa na aibu yangu mabegani. Nawashukuru ninyi mliopokea kosa langu. Na wewe mama, uliyeketi hapo mbele, ahsante kwa kutohama.

Ninachowaomba ni kimoja. Shamba lako likifa na la jirani likapona, nenda ukamwulize amelimaje. Nenda peke yako, mikono mitupu.