Maneno Niliyomwekea Nzomo

Mheshimiwa Chifu wetu wa Kola, Mchungaji na wazee wa kanisa, wakubwa wa kazi mliosafiri kutoka Bonde la Ufa, ndugu wa ukoo na majirani, hamjambo?

Mimi ni Kalunde, mke wa Nzomo, huyu mstaafu tunayemsherehekea leo. Kwa miaka ishirini na mitatu amechimba visima, ili mvuke wa chini ya ardhi uzungushe mitambo ya umeme. Nami miaka hiyo hiyo nimelima matuta yetu, nikimwona Krismasi na kwenye mazishi.

Mwaka wa tisini na tano nilimtembelea kazini. Nikamuuliza, "Baba Munyiva, umeme huu wote unaenda wapi?"

"Nairobi, viwandani, kila mahali."

"Na kwetu?"

Akainamisha kichwa. "Kwetu utafika, mama. Ngoja kidogo."

Ni nani hapa Kola asiyejua kungoja? Lakini mimi sikuwa nangoja stima. Nilikuwa namngoja yeye. Nilimwekea maneno: Munyiva alivyoanza kutembea, ng'ombe alivyozaa pacha, mama yake alivyoniita mwanangu kabla ya kufa. Nikasema, akistaafu nitamweleza yote, tukipukuchua mbaazi pale nje.

Mwaka jana kisima kimoja kikafumuka ghafla. Watu wakakimbia. Reuben, yule aliyeketi pale na mkewe, akaanguka karibu na bomba akaumia mguu, na Nzomo akarudi kumvuta. Reuben, wewe mwenyewe uliniambia mngurumo ule wa mvuke ulikuwa kama ndege inayotua kichwani. Mguu wako ulipona. Masikio yake hayakupona.

Jioni ya kwanza nyumbani nikaanza kumweleza habari za mama yake. Akanitazama midomo, akatabasamu, akajibu, "Ndiyo, mvua imechelewa."

Wakubwa, mmemsifu, na sifa hizo ni haki yake. Wazee, mmejiuliza kwa nini mke anaomba kipaza sauti. Nilimwomba Reuben alete spika hizi kutoka Machakos mjini, azipange kando ya kiti cha mume wangu, ili sauti yangu imfikie.

Baba Munyiva, unanisikia?

Ameinua mkono. Basi sikia. Mama yako aliniita mwanangu. Siku ile ya mwisho alikuulizia, nikamwambia uko njiani. Na mimi pia, miaka yote hiyo, nilijiambia uko njiani.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia nikizungumza na mume wangu mbele yenu. Asanteni sana.