Atsu na Etse wa Mama Kokui Dunyo, 1946–2023

Kila asubuhi, kabla ya kushika kikapu cha chumvi, Mama Kokui Dunyo alisimama ukingoni mwa ziwa la Keta, akapiga kofi moja, akangoja vitwitwi waruke. Hakumtaja ndege kwa jina kabla hajaiona miguu yake angani.

Alizaliwa Anyako tarehe 9 Machi 1946. Alisoma hapo hapo hadi darasa la sita. Baba yake alipofariki mwaka 1959, aliingia chumvini, kuivuna ziwani pamoja na mama yake.

Mwaka 1968 aliolewa na marehemu Korbla Dunyo, mfuma nyavu. Walijaliwa binti, Dzifa, kisha mapacha, Atsu na Etse, waliofanana hata baba yao akawa anamwogesha mmoja mara mbili. Mama hakuwachanganya hata siku moja. Majina hayo hayo akawapa vitwitwi wa kijivu wa aina mbili ambao chumvini kote walihesabiwa ndege mmoja: Atsu, mnene, mdomo umebinuka kidogo kama mwenye dharau; Etse, mwembamba, mdomo kama sindano, na miguu inayopita mbali nyuma ya mkia arukapo.

Kuanzia Januari 1987 aliwasaidia wataalamu kuhesabu ndege. Januari 1994 mkuu wa msafara aliwaandika wote wawili chini ya jina la Atsu, akamtaka atie saini fomu ya hesabu. Alikataa.

"Mama, hivi ni vindege tu."

"Bwana mkubwa, nina mapacha nyumbani. Ukimwandika mmoja, mwenzake atakula kwa nani?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Hakuitwa tena. Kwa miaka ishirini na sita alihesabu peke yake, na madaftari yake yako hapa leo, juu ya jeneza. Fomu ile haijasahihishwa. Anayebisha, ziwa liko nyuma ya kanisa.

Mwaka 2020 presha ya macho ilimpofusha. Jirani akamtania kwamba sasa ndege wote ni wamoja. Mama akainua kidole, akasikiliza: milio mitatu mfululizo, Atsu; mlio mmoja, Etse. Alifariki nyumbani kwa kiharusi tarehe 14 Novemba 2023.

Ameacha watoto watatu, Dzifa, Atsu na Etse, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Apumzike mahali ambapo hatabishiwa.

Mjukuu wake Sitsofe, aliyemsomea madaftari hayo hadi mwisho, alimwuliza swali moja tu: kwa nini hakutia saini, yakaisha?

"Walikuwa wawili," alisema Mama.