Waliotaka Ukadhi wa Sib

Mwaka wa sabini, huko Uarabuni, ndani ya landrova ya Matrah kwenda Sib, nilikalia gunia la vitunguu mbele ya masheikhe wawili walioitwa na liwali wa Sib. Mmoja wao angechaguliwa kadhi. Wote walitoka Unguja, wakazungumza Kiswahili ili abiria wengine tusifahamu. Mimi nilivaa barakoa ya Kimanga ya kuazima, basi wakanihisabu Mwarabu wa kijiji cha Yiti, asiyejua Kiswahili.

“Mie mlango wangu utakuwa wazi kwa kila mtu,” alisema Sheikh Thani, na magoti yake yameuziba mlango wa gari.

“Na mwanamke aliyekuja juzi kutoka kwetu, hajui Kiarabu?” aliuliza Sheikh Majid.

“Atasemewa na mwanamme wa nyumbani kwake.”

“Na kama anamshitaki huyo huyo?”

“Tutamwapisha huyo mwanamme! Ukianza kuwasikiliza wenyewe kwa Kiswahili, wallahi hutomaliza kesi hata moja. Kamwambie liwali maneno hayo, uone kama utapewa ukadhi.”

Sheikh Majid akageuka, akatazama nje. Nilimsubiri ajibu mpaka vidole vikaniuma kwa kulibana gunia.

Nami Kiarabu sikijui, na nimemshitaki shemeji yangu, aliyenizuilia mwanangu Rahila tangu mume wangu afe. Barazani kwa kadhi, atakayenisemea kwa Kiarabu ni shemeji huyo huyo.

Gari likasimama sokoni Sib. Magoti ya Sheikh Thani yalikuwa bado palepale mlangoni.

“Nipisheni nishuke, masheikhe wangu,” nikawaambia kwa Kiswahili cha kwetu. “Tutaonana barazani.”