Ndege ya Kiti Kimoja

Pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou huko Uchina, mbele ya ofisi ya mizigo ya Abdulhadi, kuna benchi la chuma ambalo aliyelitengeneza alikusudia watu watatu, basi. Kila alasiri huketi hapo watu wa kutoka kwetu, na Najat wa Mombasa, mtoto mgongoni, huwauzia kahawa chungu yenye tangawizi kutoka kwenye chupa yake nyekundu. Siku hiyo, ubavuni mwa benchi palisimamishwa bunda la kitambaa cha rangi ya chungwa, limeviringishwa kwa plastiki, refu kuliko mlango wa ofisi. Lori la kwenda bandari ya Huangpu lilikuwa limeshaanza kupakiwa, na mwenye bunda, Rotich wa Eldoret, alikuwa bado hajaamua kama lipakiwe au libaki. Alikuwa anamwogopa mkewe.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba mkwe wake Rotich, marehemu mwalimu, alijiundia ndege nyuma ya nyumba miaka ya themanini. Ramani ilikuja kwa posta kutoka ng'ambo. Ilitaka mabomba ya alumini, nyaya, kitambaa cha mabawa, injini ndogo kama ya pikipiki, na kiti kimoja kinachoning'inia chini ya bawa, hewani wazi, bila mlango wala kioo. Majirani waliiita Panzi. Iliruka, tena si mara moja, mpaka siku ilipomshusha mwalimu katika shamba la kabichi la jirani. Akatoka na mkono uliovunjika, na jirani akampa kabichi mbili za pole. Tangu hapo Panzi akakaa ghalani. Mwalimu alipofariki, Rotich alikwenda kuligusa bawa, na kidole gumba chake kikapenya kitambaa kama kinapenya karatasi iliyolowa.

Bila kumwambia mkewe, Chebet, akaagiza kitambaa kipya. Kilishonwa Shiling, huko kwenye viwanda vya mikoba, na laoban, yaani mwenye kiwanda, mmoja wa kike ambaye maishani mwake hakuwahi kushona kitu kikubwa kuliko begi la safari. Mama huyo alimuuliza kwa simu ya kutafsiri, mtu atakaa wapi. Rotich akamwonyesha kwenye mchoro. Siku ya kuchukua kazi, akakuta hapo karibu na kiti pameshonwa mara mbili, na juu yake pamewekwa mto mdogo wa vipande vilivyobaki. Pesa ya mto hakutaka.

Chebet aliambiwa ni turubai la kuanikia mahindi. Na asubuhi hiyo Chebet alikuwa ametua Guangzhou, kaja kununua nguo za watoto kwenye soko la Shahe, na sasa alikuwa njiani kuja kijiweni.

— Nisaidieni, wazee, Rotich akasema. Nipeni maneno ya kumwambia. Akikataa, mimi siwezi kuirusha. Siwezi kabisa.

Wazee hao walikuwa wawili. Mmoja ni Abdulhadi mwenyewe, mtu wa Mombasa, ambaye wote humwita Kontena kwa sababu hakuna kitu asichokipima kwa ukubwa wa kontena, hata harusi. Wa pili ni Jean-Luc wa Lubumbashi, mnunuzi wa mikoba. Huyo anaitwa Ministre kwa ajili ya koti lake la suti, ambalo halivui hata joto likiwa la kuchemsha mayai.

Kontena akasema mke yeyote mwenye akili ataanza na swali moja: kama ilikuwa nzuri, mbona haitengenezwi tena? Rotich akakiri kwamba hilo ndilo linalomsumbua. Ametafuta sana. Aliyeichora hayupo tena, kampuni iliyouza ramani ilifungwa, nyingine ikazichukua nayo ikafungwa. Siku hizi wamebaki watu wachache wenye mvi, mmoja huku na mmoja kule, wanaoulizana kwa simu habari za boliti.

— Ziliuawa, Kontena akasema.

— Na nani?

— Na hawa wenye ndege kubwa. Hebu fikiri, kila mtu ana yake nyuma ya nyumba. Nani atakata tiketi? Nani atapanga foleni avuliwe mshipi na viatu?

Ministre akatikisa kichwa kwa huruma.

— Hapana, mzee. Ile ndeke iko vilevile. Ni watu ndio walinenepa. Zamani mtu alikuwa anapimwa na viatu vyake, na koti yake, na bado alikuwa mwepesi. Leo tunakula tambi usiku.

Wote wakatazama tumbo la Rotich. Rotich akavuta shati. Najat alikuwa anataka kumpa kashata. Akasita kidogo, kisha akampa mbili.

Ndipo Kontena alipopata wazo. Alisema maneno peke yake hayatoshi, lazima wafanye mazoezi. Akamwomba Najat leso yake ya akiba, akajitanda kichwani juu ya kofia, akakunja mikono kifuani, na papo hapo ikawa yeye ndiye Chebet.

— Baba watoto, akaanza kwa sauti nyembamba, na injini ikizima huko juu?

— Inaelea, mama. Inashuka polepole. Marehemu baba yako aliizima makusudi siku moja, akasikia ng'ombe wakitafuna nyasi.

— Na nyaya zikikatika?

— Zote mpya. Boliti zote mpya. Kilichozeeka ni kitambaa, kilikuwa kimeliwa na jua, na hiki hapa kingine. Tena haitaruka mpaka fundi wa ndege mwenye leseni aikague, na mpaka mimi nifundishwe urubani nikafuzu. Siku ya upepo inabaki ghalani.

Yalikuwa majibu mazuri. Najat alitamani wangeishia hapo. Lakini Ministre hawezi kuona kitu kizuri asikiongezee kitu.

— Ongeza parachuti, akasema. Shahe fulana ni bei ya bure. Tunashona mia tatu pamoja.

— Fulana zina mikono, Kontena akajibu, akisahau sauti yake ya kike. Hewa itatokea huko.

— Mikono tunafunga mafundo.

— Na shingo je?

Ministre akafikiri. Akasema shingo wataziba kwa kofia. Kisha akaeleza kwamba yeye amefanya kazi ya mikoba miaka mingi na jambo moja analijua: kitu kinachoanguka ni kitu kisicho na mshikio. Kwa hiyo Panzi awekewe mshikio mkubwa juu ya bawa, wa ngozi, na helikopta ikipita iweze kumdaka. Kontena akauliza hiyo helikopta itakuwa inapita Eldoret kutafuta nini. Yeye alipendelea magodoro. Kontena mbili za magodoro, yapangwe shamba zima, kisha mtu aruke na aanguke popote roho ipendapo.

— Nitalima wapi? Rotich akauliza.

— Katikati ya magodoro.

— Ama tuifunge kamba, Ministre akasema, upande ule mwingine tunafunga kwa trekta. Haiwezi kupotea.

— Hiyo sasa ni tiara, Najat akasema, na akacheka mpaka mtoto akaamka mgongoni, akaanza naye kucheka bila kujua kinachochekwa.

Kicheko kikazunguka benchi zima. Hata dereva wa lori, ambaye hakuelewa neno, alicheka. Kilipopungua, Kontena alijiweka sawa leso, akarudi kuwa Chebet, na safari hii hakuibana sauti.

— Baba watoto. Na ukianguka, watoto nitawaambia nini?

Rotich alikuwa ameubakiza ule mto mdogo wa Shiling nje ya bunda. Akautazama magotini pake, akawa anaubonyeza na kuubonyeza. Ministre akamsogezea kahawa yake mwenyewe. Najat akaona afadhali atazame pembeni, na alipotazama pembeni macho yake yakamrudia mwanamke mmoja.

Alikuwa amesimama nyuma ya bunda, mwembamba, na mfuko mkubwa wa nguo begani. Najat alikuwa amemwona akifika tangu kwenye habari ya fulana, akamdhani mteja wa Kontena. Mkono wa mwanamke huyo ulikuwa umeingia chini ya plastiki, na ulikuwa unapapasa kitambaa, taratibu, kama anayepapasa mgongo wa mtoto mwenye homa.

— Turubai la mahindi, mwanamke akasema.

Rotich akasimama. Kontena naye akasimama, leso kichwani, akawa hajui aivue au aiache.

— Mama watoto, nilitaka kukuambia.

— Unajua nani alikuwa anashika bawa baba akikaza boliti? Chebet akauliza. Si kaka zangu. Mimi. Nilikuwa nashika mpaka mikono inakufa ganzi. Na siku ya kabichi, mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Alikuwa amelala chali anacheka.

Akaligonga bunda kwa kiganja.

— Kila nikimwomba anipandishe, aliniambia kiti ni kimoja. Nikangojea. Nikawa mkubwa bado nangojea.

Akawatazama mmoja mmoja, Kontena na leso yake, Ministre na koti lake, mumewe na mto wake.

— Mmepanga fulana, mmepanga magodoro, mpaka trekta lina kazi yake. Mimi nakaa wapi?

Kontena, ambaye alasiri nzima alikuwa Chebet, akaanza kulipima bunda kwa shubiri. Rotich aliligeukia bunda, akalitazama juu mpaka chini, kana kwamba kiti cha pili huenda kimeviringishwa humo ndani na laoban wa Shiling bila kumwambia.

Dereva akapiga honi, akaonyesha kwa mkono: linakwenda au linabaki?

— Lipakieni, Chebet akasema. Lakini jibu nalitaka kabla meli haijafika Mombasa.

Rotich na wazee wakalibeba wote watatu, kwa uangalifu ambao hawakuwahi kuuonyesha kwa mzigo wowote. Najat akainamisha chupa yake nyekundu. Ilitoa kikombe kimoja tu, kile alichokuwa amejiwekea mwenyewe. Akampa Chebet. Kontena akarudi, akavua leso kichwani, akaitandika juu ya chuma kilichochomwa na jua, mahali pake hasa.

— Kaa hapa kwanza, mwanangu.

Chebet akakaa. Rotich akasogea, Ministre akasogea, Najat akavutwa naye akae, mtoto kampakata, na Kontena akajibanza pembeni kwa upande mmoja wa makalio. Benchi likalia kidogo, likanyamaza. Ministre akasema kwa sauti ya chini kwamba labda kile kiti kikipanuliwa kidogo tu, na mtu akapunguza tambi. Rotich alikuwa anahangaika kuuingiza ule mto nyuma ya mgongo wa mkewe.