Sinia Halina pa Kutua

KHAIRIYA: Haloo? Nani mwenzangu? Ngojea niongeze sauti, huku ngoma tupu!

UWESO: Asalaam aleikum. Ni mumeo. Au pilau la arusi limekusahaulisha?

KHAIRIYA: Waaleikum salaam. Mume wangu ni shahidi wa ndoa, saa hizi yuko msikitini. Wewe wa namba ngeni hii ni nani?

UWESO: Simu ya Bi Samiha, mwenye pweza. Yangu imezima. Khairiya... bado niko Kigombe.

KHAIRIYA: Ala! Alasiri ndoa ya mdogo wangu, na shahidi—

UWESO: Najua—

KHAIRIYA: —anabembeleza friji!

UWESO: Si friji, ni kile kikompyuta chetu kinachoiendesha. Kiini chake, ile programu kuu, kimegoma tena. Nazima, nawasha, kinakaa kidogo kinagoma. Nikiondoka, pweza wa akina mama wote wanaharibika. Bi Samiha ananitazama tu.

KHAIRIYA: Bora angesema. Kinalalamikia nini?

UWESO: Eti memori haitoshi. Na nikiangalia, nusu nzima iko tupu!

KHAIRIYA: Tupu pamoja, au tupu vipande vipande?

UWESO: (mkwaruzo) ...Vipande.

KHAIRIYA: Nilisema, sikusema?

UWESO: Mke wangu, si leo—

KHAIRIYA: Leo hasa! Hapa jamvini Bibi Mwanahawa kakaa katikati. Magoti yake unayajua, hanyanyuki huyo. Mwenzake kaegemea nguzo ile pale. Nafasi tele, mbili huku, tatu kule. Sinia la watu wanane nilitue wapi, kichwani kwangu?

UWESO: Si uwahamishe watoto.

KHAIRIYA: Watoto wanahama. Wazee je?

UWESO: Wazee... hawahami.

KHAIRIYA: Ehee! Ndiye mgawaji wako wa memori huyo, ile programu uliyoiandika. Kila anayebisha hodi unampa nafasi ya kwanza uliyoiona, awe wa kukaa milele, awe mpita njia.

UWESO: Nilitaka awe mwepesi.

KHAIRIYA: Mwepesi kweli. Wa kugoma.

UWESO: Haya, nimekoma! Nifanyeje?

KHAIRIYA: Wasiohama wote kona moja. Wapita njia mlangoni, waje waende zao. Katikati pabaki peupe. Ule msimbo wangu wa kugawa hivyo, uliosema unapoteza muda, bado unao?

UWESO: (anakohoa) Sikuufuta.

KHAIRIYA: Hukuufuta! Kumbe unanipenda.

UWESO: Nakupenda, na nakuogopa. Ngoja... nauweka... nawasha. Kimewaka!

KHAIRIYA: Kuwaka hata jana kiliwaka. Kijaribu, kipe fujo ya siku nzima, upesi, salio la watu hilo.

UWESO: Nakipa. Maombi madogo, makubwa, ya kukaa, ya kupita... Bi Samiha, mama, usiniegemee. Sasa naomba kipande kirefu... Khairiya.

KHAIRIYA: Nini? Sema basi!

UWESO: Kimetoa! Na tena! Kimetoa tena! Unasikia mashine inavyonguruma? Bi Samiha, pweza wako wamepona! (vigelegele nyuma yake)

KHAIRIYA: Alhamdulillahi! Hao wote ni Bi Samiha?

UWESO: Kikundi kizima, walikuwa mlangoni wamejibana! Moyo wangu mwepesi sasa, wallahi. Natoka—

KHAIRIYA: Yarabi. Uweso.

UWESO: Nini tena?

KHAIRIYA: Wageni huku wamewasikia kwenye simu. (vigelegele) Huku wamepokea! Nyumba nzima! Wanadhani ndoa imefungwa!

UWESO: Waambie bado!

KHAIRIYA: Nimwambie nani anisikie? Mama ananilowesha machozi begani. Bibi harusi mwenyewe analia, anasema kaolewa!

UWESO: Na bwana harusi?

KHAIRIYA: Yuko msikitini anakungoja wewe! Panda pikipiki, mwanamume, kimbia, wanataka kumtoa bibi harusi nje wampeleke kwa—

UWESO: Haloo? Khairiya? Haloo? ...Bi Samiha, salio limekwisha. Niitie bodaboda, mama! Shemeji yangu kashashangiliwa, na kuolewa bado!